Mlima Mdogo Uliopima Uzito wa Hewa

Sisi tukaao Keshero, upande wa magharibi wa mji wa Goma, tumezoea mlima. Mbingu zikiwa safi twauona Nyiragongo upande wa kaskazini, na moshi wake juu. Kuta za nyumba zetu ni mawe ya volkano. Nyua zetu zimezungushiwa mawe ya volkano. Watoto wetu hujikwaa katika mawe ya volkano wakienda shuleni. Lakini mazoea yana tabu: kitu tukionacho kila siku hatukiulizi habari zake.

Kwa hiyo leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mlima mwingine. Uko mbali, mashambani kwa Wafaransa, wala si mkubwa. Hata hivyo watu walioupanda siku moja, zaidi ya miaka mia tatu na sabini iliyopita, walirudi na jambo ambalo latuhusu sisi wa Goma, labda kuliko linavyowahusu wenyeji wa huko. Kisha tutaurudia mlima wetu wenyewe, tuwatazame waliokwenda juu yake: walitafuta nini, nao walituletea nini.

Kilele kilicho sawa na ziwa letu

Katikati ya nchi ya Ufaransa, karibu na mji wa Clermont-Ferrand, kuna mlima uitwao Puy de Dôme. Urefu wake ni meta 1,465 juu ya bahari. Pande zote umezungukwa na malisho ya ng'ombe, vijiji na vilima vingine vidogo. Mtu mwenye afya, akiishika njia ya zamani iliyopitiwa na nyumbu, hufika kileleni kwa muda wa saa moja hivi. Wazee huupanda, na watoto huupanda. Tangu mwaka 2012 hata gari moshi dogo lenye meno laupanda.

Msomaji wa Goma atacheka. Maana maji ya Ziwa Kivu yenyewe yapo meta 1,460 hivi juu ya bahari. Maana yake ni hii: mvuvi aliyeketi katika mtumbwi wake, ambaye hajapanda hata kilima kimoja, yuko juu karibu sawasawa na Mfaransa aliyefika kileleni akitokwa jasho. Na sisi tuliojenga juu kidogo kutoka ufukoni, twalala na kuamka juu kupita kilele kile.

Basi, mlima mdogo hivi waweza kumfundisha mtu nini? Tusikilize.

Swali la bomba la zebaki

Mwaka 1644 kule Italia mtaalamu mmoja jina lake Evangelista Torricelli alieleza jambo lililowashangaza wenye elimu wote. Lilichukuliwa bomba la kioo, refu kama meta moja, limezibwa upande mmoja. Likajazwa zebaki, ile madini inayotiririka kama maji na ambayo ni nzito sana. Kisha likafunikwa kwa kidole, likapinduliwa, na mdomo wake ukatiwa ndani ya bakuli la zebaki. Kidole kilipoondolewa, zebaki ilishuka kidogo bombani, halafu ikasimama, yapata sentimeta 76 juu ya ile ya bakulini. Haikumwagika yote.

Ni nini kinachoishika? Wengi walishika neno la wahenga wao kwamba maumbile huchukia mahali patupu. Torricelli hakuliamini. Alisema kwamba hewa yenyewe ina uzito, kwamba sisi wanadamu twakaa chini kabisa ya hewa kama viumbe vikaavyo chini ya bahari, na kwamba uzito huo ndio unaoikandamiza zebaki ya bakuli na kuisukuma juu bombani.

Maneno yalikuwa mazuri, lakini nani angeyathibitisha? Hewa haionekani, wala hatuihisi begani kama mzigo wa makaa.

Hapo alitokea Blaise Pascal. Alizaliwa Clermont mwaka 1623, chini ya mlima ule tuliotaja, naye wakati huo alikuwa akikaa Paris. Alikuwa kijana mwenye akili nyingi na mwili dhaifu. Alifikiri hivi: kama ni hewa inayosukuma zebaki, basi mtu akipanda juu, ataacha sehemu ya hewa chini yake. Hewa itakayobaki juu ya kichwa chake itakuwa pungufu, na uzito wake utakuwa pungufu. Kwa hiyo zebaki nayo itashuka. Isiposhuka, Torricelli amekosea.

Paris hakuna mlima. Pascal aliwakumbuka ndugu zake wa Clermont, na mwezi wa Novemba mwaka 1647 alimwandikia shemeji yake, Florin Périer, mume wa dada yake Gilberte, amfanyie kazi hiyo. Ilikuwa lazima kungoja karibu mwaka mzima, kwa sababu ya theluji na ukungu wa kileleni, na kwa sababu ya kazi za shemeji mwenyewe.

Siku ya tarehe 19 Septemba 1648

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Asubuhi mapema kilele kilionekana, Périer akawatumia habari wenzake. Walikuwa watu wa heshima wa mji: Padri Bannier wa shirika la Waminimi, Kanoni Mosnier wa kanisa kuu la Clermont, washauri wawili wa baraza la kodi, na mganga mmoja. Walikutana kwanza katika bustani ya konventi ya Waminimi, mahali palipo chini kuliko pote mjini.

Huko Périer alijaza mabomba mawili kwa zebaki ile ile. Akayasimamisha katika bakuli moja, akaona zebaki imesimama sawasawa katika yote mawili: kwa vipimo vya leo, sentimeta 71 na kidogo. Alirudia mara kadhaa, nayo haikubadilika. Ndipo alipofanya jambo tunalotaka msomaji alishike. Bomba moja aliliacha pale pale bustanini, likiwa limesimama. Akamwomba Padri Chastin, mtawa wa konventi ile, akae nalo kutwa nzima, alitazame tena na tena, aone kama litabadilika.

Wengine walichukua bomba la pili wakapanda.

Kileleni walijaza bomba, wakapima. Zebaki ilisimama sentimeta 62 na nusu hivi. Ilikuwa imeshuka zaidi ya sentimeta 8! Walistaajabu mno, hata hawakutaka kuyaamini macho yao. Wakapima tena na tena, mara tano, mahali mbalimbali: ndani ya kikanisa kidogo kilichokuwako kileleni, na nje, palipo kinga na palipo upepo, wakati wa jua na wakati wa ukungu na mvua iliyowapitia. Kila mara jibu likawa lile lile. Walipokuwa wakishuka walipima katikati ya njia, wakaona zebaki imepanda kidogo. Kadiri walivyoshuka ndivyo ilivyopanda.

Walipofika bustanini, neno la kwanza lilikuwa kumwuliza Padri Chastin. Naye akawajibu kwamba bomba lake halikubadilika kutwa nzima, ingawa hali ya hewa ilikuwa imegeuka mara nyingi, mara kweupe, mara ukungu, mara upepo.

Jambo likawa limekwisha. Hewa ina uzito, tena uzito huo hupungua kwa apandaye na huongezeka kwa ashukaye. Kesho yake Périer alipanda mnara wa kanisa kuu, akaona tofauti ndogo hata kule. Pascal alipopata barua alirudia mwenyewe juu ya mnara wa kanisa mjini Paris. Tangu hapo wanadamu walipata chombo cha kupimia uzito wa hewa, na kwa chombo hicho waliweza kupima urefu wa milima na kuona mvua kabla haijafika.

Sasa tumtazame yule Padri Chastin. Vitabu vingi humtaja Pascal, vichache humtaja Périer, na Chastin husahauliwa. Hakupanda mlima. Hakuona kilele. Aliketi bustanini akilinda bomba. Lakini bila yeye safari nzima ingekuwa bure. Maana mtu angeweza kusema: “Zebaki ilishuka kwa sababu hali ya hewa iligeuka siku ile, hata chini ingeshuka vivyo hivyo.” Ni ushahidi wa Chastin ulioziba kinywa hicho. Ili kuujua mlima ilihitajika mtu mmoja juu na mtu mmoja chini, tena wote wawili wawe waaminifu, na wakutane jioni kuambiana waliyoyaona. Shauri hilo tulitunze, maana tutalihitaji tukifika kwetu.

Maharagwe ya Goma

Pengine mama mmoja atauliza: “Jambo hilo la zebaki lanifaa nini mimi na sufuria yangu?” Lamfaa.

Zebaki iliyopimwa kando ya Ziwa Kivu husimama karibu sawa na ile aliyoiona Périer kileleni, sentimeta 63 au 64. Ndiyo kusema, sisi twabeba hewa pungufu kuliko watu wa Matadi au Mombasa. Na maji yenye kukandamizwa na hewa pungufu huchemka upesi, kabla hayajapata moto wa kutosha. Pwani maji huchemka yakifika digrii 100. Goma huchemka kwenye digrii 95 hivi. Ukiongeza kuni, yatazidi kuruka na kutoa mvuke, lakini hayatazidi kupata moto. Ndiyo maana maharagwe ya Goma hukawia jikoni kuliko ya pwani. Mama asiyelaumu kuni wala maharagwe, bali akafunika sufuria kwa kifuniko kizito na kukiwekea jiwe, bila kujua amefuata elimu ya Pascal, maana ameongeza uzito palipopungua.

Tena juu ya ukingo wa Nyiragongo, kwenye meta 3,470, zebaki ingesimama sentimeta 50 tu, na maji yangechemka kwenye digrii 88 au 89. Apandaye hadi huko na chupa tupu ya plastiki, aifunge vizuri kileleni, ashuke nayo, ataikuta Kibati imebonyea kana kwamba mtu ameifinya. Hakuna mtu aliyeifinya. Ni hewa ya chini iliyo nzito.

Mawe meusi ya Clermont

Puy de Dôme ulikuwa na fundisho la pili, nalo lilichelewa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1751 mtaalamu wa mawe, Jean-Étienne Guettard, alikuwa safarini, akapita katika mji wa Moulins. Akaona mawe meusi yenye vitundu yaliyotumika katika ujenzi. Akauliza yametoka wapi. Wakamjibu: kwenye machimbo ya Volvic, karibu na Clermont. Akafuata mawe hadi yalikotoka, akatazama vilima vya huko, Puy de Dôme ukiwa mmoja wao, akatambua kwamba vyote vilikuwa volkano zilizolala. Mwaka uliofuata alitangaza jambo hilo mbele ya chuo cha wataalamu wa Paris.

Fikirini, wasomaji! Watu wa nchi ile walikuwa wamejengea mawe hayo karne nyingi. Hata kanisa lao kuu, lililoanzwa kujengwa mwaka 1248, ni jeusi kwa mawe ya Volvic. Walimjengea Mungu nyumba kwa moto uliozimika, wasijue kwamba ulipata kuwa moto. Leo twajua kwamba huko kuna volkano ndogo zipatazo 80 zilizopangika mstari mmoja, na kwamba Puy de Dôme ulitokea yapata miaka elfu kumi na moja iliyopita. Wenyeji wale walikuwa na udhuru: hakuna babu yao aliyewasimulia.

Sisi hatuna udhuru huo. Jiwe la Clermont lilinyamaza, letu husema.

Waliopanda Nyiragongo

Tangu kale wenyeji waliujua mlima huu kuwa mahali pa kuogopwa. Katika masimulizi ya zamani ya Rwanda, watu wasioingizwa katika ibada ya Ryangombe walihesabiwa kuwa wataadhibiwa baada ya kufa katika moto wa Nyiragongo. Twaweza kuyacheka masimulizi hayo, lakini yalikuwa na faida moja: yaliwakumbusha watu kwamba ndani ya mlima mna moto.

Mzungu wa kwanza kuupanda alikuwa Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen. Alitoka Pangani mwezi wa Desemba 1893 na msafara wa wapagazi na askari wa pwani, akavuka Rwanda, akaonana na Mwami Kigeli Rwabugiri, na mwezi wa Juni 1894 akapanda hadi ukingo wa shimo la Nyiragongo, akachungulia ndani. Kisha akalivuka bara zima hadi Bahari ya Atlantiki, akaandika kitabu. Miaka michache baadaye alikuwa gavana wa nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Hatusemi kwamba hakuona kitu. Aliona, akaandika. Lakini wale waliobeba mizigo yake hatuyajui mawazo yao, na wale waliokaa chini ya mlima hawakuambiwa neno. Alipanda ili Ulaya ijue. Kulikuwa na mtu juu; chini hakukuwa na Chastin.

Mwaka 1925 serikali ya Wabelgiji iliifanya milima hii kuwa hifadhi, ambayo leo yaitwa Virunga. Mwaka 1938 jirani yetu wa pili, Nyamulagira, alipasuka, na lava yake ikatiririka mpaka ikaingia Ziwa Kivu upande wa Sake; moto huo haukutulia hadi mwaka 1940. Miaka kumi baada ya kuanza kwake, yaani 1948, alikuja mtaalamu Haroun Tazieff kuchungulia moto mwingine wa Nyamulagira. Mwaka huo huo alipanda Nyiragongo, akaona ndani ya shimo ziwa la lava inayochemka mchana na usiku. Alirudi mara nyingi, na mwaka 1959 yeye na wenzake walishuka kwa kamba hadi karibu na ziwa hilo, wakapima moto na moshi wake. Huyu alipanda na swali, kama Périer. Ulimwengu ulijifunza mengi kwake juu ya volkano.

Lakini swali la watu wa chini lilibaki: Siku lava itakapotoka, nani atatuambia?

Tarehe 10 Januari 1977 lilipata jibu baya. Ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lote la lava likamwagika kwa muda usiozidi saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kama uji, haikokoti kama ile ya volkano nyingine. Siku ile ilishuka kwa mbio kuliko mtu awezavyo kukimbia. Vijiji viliangamia pamoja na watu wake. Goma mjini iliokoka kwa kuwa lava ilisimama kabla ya kufika.

Januari 2002 na Mei 2021

Baada ya hapo palikuwa na watu wa hapa hapa walioupanda mlima kwa kazi, yaani watumishi wa kituo cha kuchungulia volkano cha Goma, tukiitacho OVG. Kwa miaka mingi ya vita walifanya kazi kwa shida kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2001 mlima ulionyesha dalili: matetemeko yaliongezeka, na mvuke mpya ulitoka katika kilima cha Shaheru, ubavuni mwa Nyiragongo upande wa kusini. Waliopanda waliyaona hayo, wakasema. Lakini vyombo vya kusikiliza matetemeko vilivyokuwa vikifanya kazi vilikuwa viwili tu kwa milima yote miwili, na mji ulikuwa na vita na njaa masikioni mwake.

Asubuhi ya tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka kutoka Shaheru kuelekea mjini. Lava iliingia Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliangamia. Watu laki kadhaa walikimbia, wengi wao hadi Gisenyi ng'ambo ya mpaka. Wapatao mia moja walikufa, na wengi wao hawakuuawa na lava yenyewe, bali na mlipuko wa petroli siku chache baadaye, walipokuwa wamerudi. Hapo hatukukosa mtu juu. Palikuwa na waliopanda na kuona. Kilichokosekana ni mkutano wa jioni: neno la aliye juu halikumfikia vema aliye chini.

Baada ya mwaka 2002 vyombo viliongezwa, vikawekwa vya kisasa, vyenye kutuma habari bila mtu kupanda. Hata hivyo mwaka 2020 fedha za kigeni zilizoendesha kazi hiyo zilikwisha, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata mtandao wa kupokea habari za vyombo vyake. Mtandao ulirudi mwezi wa Aprili 2021. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, mlima ulipasuka. Lava ilifika Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wapatao thelathini walikufa. Tusimlaumu mtu bure: wataalamu walioyachunguza mambo hayo baadaye waliona kwamba safari hii dalili za wazi zilitangulia kwa muda usiofika hata saa moja. Lakini neno hilo latuongezea wajibu, halitupunguzii. Kama onyo ni la saa moja tu, basi aliye chini yampasa awe macho zaidi.

Sisi wa upande huu twakumbuka tarehe 27 Mei, siku serikali ilipoamuru mitaa kumi ya mji iondoke. Keshero haikuwa miongoni mwake. Lakini njia ya Sake ilijaa watu, magari, pikipiki na chukudu, mama wenye magodoro kichwani na watoto mgongoni. Wengi waliuliza: “Twende wapi? Turudi lini?” Hakuna aliyejua kujibu vema.

Hewa nzito ya upande wetu

Sasa tulirudie swali la Pascal, maana kwetu lina neno la pekee. Alithibitisha kwamba hewa ina uzito. Lakini hewa zote hazina uzito mmoja. Ardhi ya volkano hutoa gesi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu. Kwa kuwa ni nzito hutiririka kama maji, ikajikusanya katika mashimo na mabonde madogo. Wenyeji tangu zamani waliita mahali hapo mazuku, yaani upepo mbaya. Mazuku ni mengi hasa kati ya Goma na Sake, upande huu wetu wa magharibi, kama kule Bulengo na Lac Vert.

Alfajiri, kabla upepo haujavuma, gesi huwa imelala bondeni. Mbuzi akishuka kula majani hufa amesimama. Mbwa hufa. Mtu mzima aliyesimama aweza kupita salama, kwa sababu pua yake iko juu, na mtoto aliye kando yake akaanguka, kwa sababu pua yake iko chini. Na mara nyingi anayeshuka kumwokoa aliyeanguka huanguka yeye pia. Katika nchi ya Kameruni, mwezi wa Agosti 1986, gesi hiyo hiyo ilitoka katika ziwa la Nyos usiku, ikateremka mabondeni, ikaua watu zaidi ya 1,700 waliokuwa wamelala. Waliokaa juu zaidi walipona.

Mnaona, wasomaji? Watu wa Clermont walipanda meta elfu moja hivi ili waone kwa macho tofauti ya hewa ya juu na hewa ya chini. Kwetu tofauti ya meta moja tu yaweza kuwa tofauti ya uzima na kifo. Basi elimu hiyo si pambo la shule. Yafaa kila mzazi wa Keshero ayajue mabonde ya jirani yake, na awakataze watoto kushuka humo asubuhi na usiku, hata kama majani ni mazuri na kuni ni nyingi. Yafaa mahali palipoua mbuzi pawekewe alama, na mgeni aliyekimbia vita akija kutafuta mahali pa kujenga, aambiwe kabla hajachimba msingi. Na mtu akianguka bondeni, asishuke mwingine peke yake kumfuata. Aite watu, wamvute kwa kamba wakiwa juu.

Mmoja juu, mmoja chini

Miaka hii ya vita kupanda Nyiragongo si jambo la kila mtu wala la kila siku. Lakini msomaji amekwisha ona kwamba faida haitoki katika ukubwa wa mlima. Yuko aliyepanda meta 3,470 akarudi na sifa, na yuko aliyepanda meta 1,465 akarudi na elimu iliyowafaa watu wote. Mwalimu aweza kuwapeleka watoto juu ya kilima chochote cha Goma, kwa amani na ruhusa, na kuwafundisha kupima. Siku hizi simu nyingine zina kipimo cha hewa ndani yake. Watoto wawili wabaki chini na simu moja, wengine wapande na ya pili, kisha wakutane na kulinganisha. Watoto waliolelewa hivyo, wakiwa watu wazima, hawatadharau neno la mtumishi wa kituo anaposema ardhi imetikisika, wala hawatakimbia kwa uvumi wa mtu asiyepima kitu.

Tena walio juu wakumbuke wenzao wa chini. Habari ya mlima ikibaki katika vitabu vya wataalamu, kwa lugha isiyojulikana sokoni, ni kama Périer angalishuka kwa njia nyingine akaenda zake Paris, akimwacha mzee Chastin bustanini giza linaingia. Na sisi wa chini tusiseme kwamba kazi ya kulinda ni ya wengine. Mwenye kuona kisima kimepata moto ghafula, au majani yamekauka mahali pasipo na jua kali, au bonde limeua mnyama, huyo ameona jambo, na yampasa alipeleke kwa mkubwa wa mtaa na kwa kituo siku ile ile.

Yule mtawa alikaa siku moja tu na bomba lake. Sisi tumepewa zamu ndefu zaidi, maana mlima wetu haujalala.